Ndoo Ijaribiwe kwa Maji

Kamachumu, Muleba
8 Septemba 2024

Wifi yangu Evelyne,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku omuka, nyumbani, hatujambo, kibanja cha migomba kimepata mvua. Nakuandikia haraka. Annastella amepata chuo! Chuo cha ualimu, Njombe. Umesikia? Njombe! Mbali na ziwa kabisa, watu wa kule mtumbwi wanauona kwenye picha. Nimepiga magoti pale pale jikoni, mwiko mkononi. Baba yake angekuwepo angechinja.

Usinipigie simu kuhusu jambo hili. Mtandao unashika kule juu parokiani tu, na ukiongea pale hata katekista anakujibu. Tuandikiane. Rwegasira anapita na haisi yake kushusha ndizi Bukoba, atabeba barua kama anavyobeba mikungu.

Sasa wifi, sina raha mpaka vitu vyote viwe ndani. Chuo kinafunguliwa mwanzoni mwa Novemba. Wenzangu hapa wanasema tusubiri Oktoba. Oktoba! Mwezi huo wazazi wa Kagera nzima watakuwa wamejazana mjini wakigombea ndoo moja, na watakachopata ni kile kilichokataliwa na wengine. Tununue sasa. Wewe uko Kashai, cherehani yako imetazamana na duka la Zahoro, nani mwingine nimtume?

Ila unanijua, mimi sinunui kitu sijakijaribu. Ndoo usiichukue kavu. Mwambie Zahoro aijaze maji mpaka juu, aiweke juu ya gazeti, ukae uliangalie hilo gazeti. Tranka likalie wewe mwenyewe. Kwa huo mwili wako, likikubeba wewe litabeba vitabu. Kufuli lifungue na kulifunga mpaka Zahoro akasirike. Godoro lilalie pale pale dukani, jigeuze huku na huku, usione haya. Mashuka utashona wewe. Na mablanketi mawili mazito, yale ya manyoya; sweta nitamfumia mwenyewe, maana nasikia Njombe baridi yake inaunguza hata majani ya viazi.

Annastella mwenyewe yuko kimya mno. Nadhani ni furaha. Ukiniletea majibu nitatulia, kwa sasa hata kukaa siwezi, nimefagia uwanja mara mbili leo.

Wifi yako,
Klaudia


Kashai, Bukoba
12 Septemba 2024

Wifi Klaudia,

Milele na milele, amina. Hongera! Nimepiga kigelegele peke yangu hapa kibandani mpaka mteja aliyekuwa anapimwa suruali akaruka. Binti wa Mujuni kuwa mwalimu! Namwona amesimama mbele ya ubao na lile paji lake la uso la kaka yangu.

Agizo lako nimelitekeleza, na aibu niliyoipata ni yako, si yangu. Zahoro aliijaza ndoo ya kwanza ikavuja. Akasema nimeleta mkosi. Ya pili haikuvuja. Tranka nimelikalia, limekubali, ingawa lilitoa mlio mmoja ambao Zahoro alidai ni wangu. Nilipolala kwenye godoro wateja wawili wakasimama kunitazama, na yeye akaniuliza, "Fundi Evelyne, unanunua au unahamia?" Nikamwambia anyamaze, nimetumwa na mtu mkali kuliko mimi.

Lakini godoro sikulinunua, wifi, na naomba usinune. Godoro atanunua huko huko aendako. Ukilipandisha kwenye basi litasuguliwa, litanyeshewa, na atafika nalo likiwa limekunjika kama chapati. Vitu vikubwa vinunuliwe mwisho wa safari, vidogo hapa. Najua utasema la kununuliwa ugenini nani atalilalia. Atalilalia yeye, ana mgongo.

Mashuka nimeanza kukata. Mablanketi yatafuata. Tena nikuchekeshe: mtaa mzima umeniona nikibeba mashuka, ndoo na tranka, wanauliza binti wa kaka yangu anaolewa lini. Shangazi mtu akinunua vitu vya msichana, watu hawawazi shule. Nimewaambia wasubiri, pilau litaliwa siku ya mahafali.

Kunywa maji, ukae chini.

Evelyne


Kamachumu
15 Septemba 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii nimeificha ndani ya majani yaliyofunika mkungu wa mwisho, Mama asiione. Tafadhali ukishaisoma uitie motoni.

Shangazi, siendi Njombe. Niliomba vyuo viwili na vyote vikanikubali. Njombe ndiyo Mama anaijua. Cha pili ni chuo cha uvuvi, Mwanza. Nilitakiwa kuthibitisha kimoja, nikathibitisha cha uvuvi. Nilishuka Muleba mjini nikabonyeza mwenyewe pale kwa wale vijana wa kompyuta, nikarudi nyumbani nikiwa nimekusudia kumwambia Mama siku ile ile. Nikamkuta ameshapiga magoti jikoni anamshukuru Mungu kwa Njombe. Mdomo ukafunga. Umefunga mpaka leo.

Unajua alivyo. Tangu Baba afe hajagusa maji ya ziwa. Sato haingii mlangoni kwetu. Dagaa wakipita barabarani kwenye gunia anageuza uso. Nikimwambia naenda kusomea samaki na mitumbwi, atadondoka.

Naomba usinunue mablanketi. Mwanza joto. Ninachohitaji ni chandarua kikubwa cha kutosha kitanda cha juu na cha chini, magambuti, ovaroli, na nguo ya kuogelea, kwa sababu kabla ya kupandishwa mtumbwini tunafundishwa kuogelea. Yote haya siwezi kuyataja mbele ya Mama. Vitunze kwako, nitavichukua siku ya kuondoka.

Usinichukie.

Annastella


Kashai
18 Septemba 2024

Annastella,

Marahaba. Sikukuchukia, nimekukasirikia, na hasira yangu unaitambua.

Umenifanya nini wewe mtoto? Nimesoma barua yako nikiwa na mkasi mkononi, nikakata shuka la mtu katikati. Unajua mimi ni nani? Mimi ndiye niliyekwenda mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, kumtambua baba yako. Mama yako hakuweza, alibaki amekaa chini barabarani. Wale wawili waliopona waliniambia jinsi ilivyokuwa. Walikuwa wanarudi kutoka kisiwa cha Bumbire kuuza ndizi, upepo ukawakuta katikati. Kila mtu mtumbwini alikuwa na jaketi lake la kujiokolea. Wao walivaa. Kaka yangu alikuwa amelikunja akalikalia, maana ubao ulikuwa unamuumiza. Alikuwa anacheka nao, amelikalia, mpaka mtumbwi unapinduka. Jaketi likaenda na upande wake na yeye upande wake. Mama yako analijua hilo. Ndilo linalomla, si maji peke yake.

Sasa unataka nimfiche. Mimi na yeye hatujawahi kufichana hata ujauzito.

Lakini pia nakujua. Ulikuwa unateremka na baba yako mpaka mwaloni una miguu kama vijiti, unarudi unanuka samaki na unajua majina yao yote. Kwa hiyo sikushangaa. Nimekasirika tu.

Nitanunua hivyo vitu. Vitakaa chini ya meza yangu kwenye mfuko wa buluu. Ila sharti langu ni moja: mwambie mwenyewe kabla Oktoba haijafika. Mimi nitamdanganya kuhusu mablanketi kwa wiki chache, zaidi ya hapo sina mdomo wa uongo. Na usinitumie tena barua kwenye ndizi, nilikuwa karibu kuwapa mbuzi wa jirani yale majani.

Shangazi yako,
Evelyne


Kamachumu
29 Septemba 2024

Wifi,

Mablanketi yako wapi? Nimeuliza kwa Rwegasira anasema hakupewa kitu. Umesema yatafuata, yanafuata kwa miguu?

Sipendi ninavyojisikia. Vitu viko nusunusu, na nusu vikiwa kwako nusu kwangu mimi siwezi kulala vizuri wala kula. Annastella nimemwita nimpime sweta nililoanza kumfumia, akasema atapima kesho. Kesho yake akaenda kuchota maji. Maji yapo! Nikimtajia Njombe ananitazama kama mtu anayedaiwa. Jana nimemwambia habari za baridi ya kule, akatoka nje. Nimemkuta migombani amesimama, hafanyi lolote.

Labda anaogopa kwenda mbali. Nimemwambia mwanangu, mbali ni kuzuri, mimi ningekuwa na miguu ya kwenda mbali ningekwenda siku ile ile alipozikwa baba yako.

Au anaumwa? Wewe ni shangazi yake, kuna mambo msichana hamwambii mama. Kama amekuambia lolote, niambie. Wiki hii usiponiletea mablanketi nashuka Kashai mwenyewe, na mimi nikishuka unanijua, Zahoro atafunga duka.

Klaudia


Kashai
3 Oktoba 2024

Wifi mpenzi,

Usishuke, barabara imechimbika na goti lako si zima. Mablanketi mazito yameadimika. Zahoro anasema mzigo uko njiani kutoka Mwanza. Tulia.

Leo namkabidhi Rwegasira mfuko mwekundu: mashuka manne, mito miwili, beseni, kufuli, pasi na ile ndoo, nimeifunga kwa kamba. Kagua utakavyo. Kuhusu Annastella, msichana yeyote anayeondoka nyumbani mara ya kwanza huwa hivyo. Kaa naye jioni moja bila kutaja baridi wala sweta. Muulize anataka nini, kisha unyamaze. Kunyamaza, wifi! Najua ni kazi kwako.

Evelyne


Kamachumu
6 Oktoba 2024

Evelyne,

Sikuamkii.

Rwegasira ameleta mifuko miwili. Mwekundu nimeukagua, hauna neno. Wa buluu nimeufungua mbele ya jirani yangu aliyekuja kunisaidia kukunja mashuka, na aibu hiyo nitakufa nayo.

Ni nguo gani hii? Nyeusi, inabana, haina mikono, haina miguu, ukiivuta inarefuka, ukiiachia inarudi kama ulimi. Nimeigeuza mbele nyuma. Jirani yangu akaangalia ukutani. Chini yake chandarua, na si cha mtoto wa shule, cha kitanda cha watu wawili! Njombe kuna mbu? Wewe umewahi kusikia mbu anavaa sweta? Halafu magambuti na ovaroli. Magambuti! Anaolewa na mfugaji?

Usiniambie sielewi. Kwetu sisi Wahaya tatenkazi, shangazi mtu, akianza kumnunulia binti nguo za ndani kwa siri, kila mtu anajua kinachofuata. Ni wewe mwenye kazi hiyo, ndiyo, kumfundisha na kumpeleka, lakini si kabla hajasoma, na si nyuma ya mgongo wangu! Ndiyo maana mtaa wako ulikuwa unauliza harusi lini. Ukanieleza kama mzaha, nikacheka. Mimi mjinga nikacheka!

Nani huyo mwanamume? Anatoka wapi? Mahari amekupa wewe? Mujuni amelala kaburini unamuuza binti yake? Nimemuuliza mtoto mwenyewe huku nimeishika hiyo nguo, analia tu. Analia na kutazama magambuti.

Nataka jibu kwa mkono wa Rwegasira, leo hii.

Klaudia


Kashai
7 Oktoba 2024

Klaudia,

Haki ya Mungu hakuna mwanamume. Hakuna harusi, hakuna mahari, hakuna mfugaji. Niliposoma habari ya mfugaji nilicheka, kisha nikalia.

Mfuko wa buluu ulikuwa chini ya meza. Rwegasira aliingia nikiwa nimetoka kununua uzi, akaona mifuko miwili ina jina moja, akachukua yote. Hana kosa. Mimi ndiye niliyeandika jina.

Hiyo nguo ni ya kuogelea. Sitakuambia zaidi, si kwa jeuri, bali kwa kuwa maneno haya si yangu. Mtoto wako amefika hapa asubuhi hii na haisi, bila hata kandambili za kubadilisha. Nimempa kalamu na kumfungia chumbani. Nimemwambia hali chakula mpaka amalize kuandika.

Nilaumu mimi, yeye msikilize.

Evelyne


Kashai
7 Oktoba 2024

Mama,

Shikamoo. Nilikuacha umesimama mlangoni na ile nguo mkononi, nikakimbia. Nisamehe kwa hilo kwanza, maana yanayofuata ni makubwa zaidi.

Mama, siendi Njombe. Nafasi ile nimeshaiachia na haiwezi kurudi. Nimechagua chuo cha uvuvi, Mwanza. Magambuti ni ya mwaloni, ovaroli ni ya karakana, nguo ya kuogelea ni ya kujifunzia kuogelea. Shangazi hakunituma. Nilimlazimisha anifichie, na alinipa muda nikuambie mwenyewe, nikashindwa.

Siku ile ulivyopiga magoti nilitaka kusema. Uso wako ulikuwa umefunguka, Mama. Sijauona hivyo tangu nikiwa darasa la tano. Nikasema nikuachie furaha hiyo mpaka kesho. Kesho yake ukaanza sweta.

Nataka kukueleza sababu, na sijui kama utaipokea. Baba alikuwa ananipeleka mwaloni, unakumbuka, ulikuwa unatugombeza tukirudi tumelowa. Alikuwa ananiambia huyu ni sato, huyu ni furu, huyu sangara bado mtoto, mrudishe. Alikuwa ananionyesha mawingu ya upande wa Bumbire. Alipokufa kila kitu kikafungwa siku moja. Hatukumtaja pamoja na maji tena, na mimi simjui Baba bila maji. Nikikaa migombani simwoni. Nikisikia harufu ya dagaa barabarani namwona kabisa, na ninyi mnageuza uso.

Ninaogopa ziwa. Usidhani mimi ni jasiri. Ninaogopa sana, na nataka kulijua, ili lisibaki tu kuwa kile kitu kilichomchukua. Huko wanafundisha samaki, wanafundisha pia namna ya kuendesha chombo na namna ya kurudi watu wote wakiwa hai. Hicho ndicho nataka kukifundisha baadaye. Nitakuwa mwalimu pia, Mama, ila wa mwaloni.

Safari ni tarehe mbili Novemba. Shangazi amesema atanikatia tiketi ya basi, nizunguke nchi kavu, nisipande meli, kwa heshima yako. Lakini sitaondoka bila neno lako. Nasema kweli. Ukikaa kimya nitarudi kibanjani, tutalima, na sitakulaumu. Usiniandikie kunisamehe kama hujanisamehe. Niandikie tu niende au nirudi.

Mwanao,
Annastella


Kashai
21 Oktoba 2024

Wifi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Rwegasira amepita leo tena. Nimemkimbilia barabarani na sentimita ya kupimia shingoni. Hana barua, hana mkungu, hana hata salamu. Anasema alipiga honi kwako, ukatoka, ukamwangalia, ukarudi ndani. Umeniacha na nini sasa?

Nitukane. Nilizoea matusi yako, haya ya kimya siyawezi. Kila haisi ikisimama Annastella anasimama, ikiondoka anakaa. Juzi amelifungua tranka akaanza kutoa mashuka mengine niliyomshonea, moja moja, na kuyarudisha kwenye kabati langu. Nikamuuliza unafanya nini, akasema, "Shangazi, tafuta mteja wa magambuti." Amesema kwa utulivu, ndipo nikaogopa. Mchana ananisaidia kushona vifungo, na vifungo vyote anavishona imara kuliko mimi, mteja akitaka kuvua shati itabidi alichane.

Nami pia nina langu la kusema. Alikuwa kaka yangu. Tulinyonya ziwa moja. Mimi ndiye niliyemwona mwaloni pale, amevimba mkono, na kiatu kimoja. Unadhani nataka bintiye aende huko? Nilipokuwa nanunua ile nguo nilitoka dukani mara mbili bila kuinunua. Lakini mtoto huyu ametaka kitu kimoja tu maishani na amekitaka kwa hofu yote hiyo. Ukimkataza atakutii, Klaudia. Atakutii maisha yake yote, na wewe utamwona kila siku migombani amesimama, hafanyi lolote.

Zimebaki siku chache. Sema lolote. Ukisema arudi, nitampakia mwenyewe.

Evelyne


Kamachumu
30 Oktoba 2024

Mwanangu Annastella,

Marahaba.

Shangazi yako ana haki ya kulalamika, lakini mwambie sikuwa nimekaa. Siku za kwanza nilikuwa na hasira, sitakuficha. Nililichoma sweta. Lilikuwa limebaki mkono mmoja. Baadaye nikajuta, uzi ulikuwa mzuri. Nikasoma barua yako, nikaiweka, nikaisoma. Pale ulipoandika kwamba humjui baba yako bila maji, nilikwenda nikakaa kaburini mpaka jua likanichoma. Nilimuuliza, wewe mtu, kwa nini hukuvaa? Nimekuwa nikimuuliza hivyo miaka yote, kila siku, nikiwa napika, nikiwa nalima, nikiwa kanisani. Sikukuambia. Nilidhani nikilichukia ziwa nitaacha kumkasirikia yeye. Haikusaidia. Nampenda na nimemkasirikia mpaka leo, kwa ajili ya ubao tu uliokuwa unamuumiza!

Basi nikaanza kukagua mfuko wa buluu, maana vitu vilikuwa ndani ya nyumba na havijakaguliwa. Magambuti nimeyajaza maji nikayaacha uwanjani, hayavuji. Ovaroli nimeivuta mishono yote, iko sawa. Ile nguo ya aibu ilikuwa imelegea mshono ubavuni, nimeurudia kwa uzi mara mbili. Mwambie Evelyne fundi mzima alinunua nguo bila kuvuta mishono. Chandarua nimekishika kwenye mwanga, hakina tundu.

Nikaona kuna kitu hamkukinunua. Nyie wawili na akili zenu zote! Mmenunua ovaroli, mmenunua pasi, mmesahau hicho. Au hamkusahau, mliogopa kukitaja.

Juzi nilishuka mwaloni, pale wanapopandia wa Bumbire. Ndiyo, mimi. Rwegasira alinishusha barabarani akataka kunisindikiza nikamfukuza. Pale penye mteremko nikakaa chini, nikainuka, nikakaa tena. Harufu ya dagaa ilinipiga usoni nikamwona, kama ulivyosema. Alikuwa amevaa ile kofia yake.

Yuko mama mmoja anauza majaketi ya kujiokolea kwenye banda, mapya na yaliyotumika. Nikamwambia nataka moja la mtu wa kimo chako. Akanipa la rangi ya chungwa, zuri, linang'aa. Nikamwambia mimi sinunui kitu sijakijaribu. Akasema, mama, unalivaa tu, likikaa mabegani basi. Nikamwambia, mabegani halina kazi.

Nikavua viatu, nikafunga kitenge vizuri, nikaingia nalo majini.

Mwanangu, sijui kuogelea. Maji yalifika magotini nikawa nasali Salamu Maria, yalipofika kiunoni nikaacha sala nikawa natukana. Wachuuzi wote wakasimama. Kijana mmoja akapiga kelele, "Bibi, rudi!" Nikamwambia sijawa bibi. Nilipofika kifuani nikakunja miguu. Lile jaketi zuri likanywa maji likashuka na mimi. Nilimeza ziwa. Wakaniinua, nikatoka nikitema na kulia, nikamtupia mama yule jaketi lake mbele ya wateja wake wote. Nikamwambia lete jingine.

Walidhani nina wazimu. La pili lilikuwa limepauka, halina uzuri wowote. Nikaingia tena. Nikakunja miguu.

Likanibeba, Annastella. Lilinibeba pale juu ya maji kama mtoto mgongoni. Nilikaa humo nikiangalia upande wa Bumbire, nikalia kwa sauti, sikuona haya, na nilimwambia baba yako mambo yote niliyokuwa sijamwambia, mabaya na mazuri. Watu waliniacha. Nilipotoka nimelowa, yule mama akanipa chai ya tangawizi na samaki wa kuchoma. Nikala. Sato. Nilikuwa nimesahau ladha yake.

Jaketi hilo linakuja na Rwegasira pamoja na mfuko wa buluu na mkungu mmoja. Nimelianika, bado lina unyevu kidogo kwenye mishipi. Nimeweka pia akamwani, buni zetu za kutafuna, kidogo kwenye kikaratasi, utafune njiani, ujue umetoka kwenu vizuri. Senene bado hawajaruka, wakiruka nitakukaangia nikutumie.

Mwambie shangazi yako asikuzungushe na basi nchi nzima kwa ajili yangu. Akukatie meli. Godoro ununue huko huko, amenishinda hilo, ila ulilalie dukani kwanza.

Nenda.

Jaketi livae, mwanangu. Hata ubao ukikuumiza, usilikalie.

Mama yako,
Klaudia